Mama wa Kumi na Mbili

12 Januari 1997

Mama mkubwa,

Shikamoo. Huku tuko wazima, ukimtoa mume wangu, ambaye amejikata kidole na bati la jokofu la mteja na amekifunga kitambaa kikubwa utadhani mkono mzima umeondoka. Kazini wamenihamishia meza karibu na dirisha. Sasa nachora ramani zangu kwa mwanga wa jua na macho yamepumzika. Goti lako je? Na mpangaji wako fundi cherehani, bado anaimba huku akishona, au umemfukuza?

Nina jambo la kukuuliza.

Unajua mimba ya tatu ilitoka mwaka jana. Safari hii sikutaka kuambiwa tena "pole, jaribuni tena". Nikaenda kwa daktari mmoja mwanamke, mtu mzima, ambaye watu wanamsifu kwa kutokuwa na haraka. Wiki iliyopita nilipigwa picha: wanaingiza dawa kwenye mji wa mimba, halafu eksirei inaonyesha umbo lake. Daktari akaibandika kwenye taa. Mimi kazi yangu ni mipaka, mama mkubwa, nikiona umbo siwezi kuacha kulifuata kwa macho. Mji wa mimba ulitakiwa kuwa kama pea lililogeuzwa. Wangu ni mwembamba, una mabega mawili yaliyonyooka, kama herufi T.

Akaniuliza, "Mama yako alipokuwa na mimba yako, alipewa homoni?"

"Sijui. Alifariki, mwaka wa pili sasa."

"Nani anaweza kujua?"

"Dada yake. Alikuwa mkunga hospitalini miaka thelathini."

Akaweka kalamu chini. "Basi una bahati. Mwandikie."

Ndiyo nimekuandikia. Anasema zamani kulikuwa na vidonge vya estrojeni ya maabara, yaani homoni ya kike, walivyopewa wajawazito ili mimba isitoke, na kwamba mabinti waliozaliwa huwa na maumbile kama haya yangu. Niambie tu ndiyo au hapana.

Mume wangu anakusalimu kwa kidole chake.

Mwanao


20 Februari 1997

Mwanangu,

Marahaba, na mpe pole huyo majeruhi. Goti linanisumbua nikipanda ngazi tu, na kwa kuwa sina ngazi, sisumbuki sana. Fundi bado anaimba. Amejifunza wimbo mwingine mmoja, kwa hiyo sasa ziko mbili. Mvua ilibeba bati moja la jikoni, akapanda mwenyewe kulipigilia, na nyundo ikamwangukia mtu aliyekuja kupimwa suruali. Hakuumia sana, ila suruali ameipeleka kwingine.

Nafurahi wamekupa dirisha. Mama yako angefurahi. Alikuwa akionyesha watu ile ramani yako ya kwanza, anaishika juu chini.

Kuhusu swali la daktari wako, mama yako alimeza vidonge vya kuongeza damu, kama wajawazito wote. Zaidi ya hapo sikumbuki. Ni miaka ishirini na nane, mwanangu, na nimezalisha wanawake wengi mno. Madaktari wa siku hizi nao wanapenda sana kufukua ya zamani. Mtu anaweza kuzaliwa na umbo lake tu, bila mkono wa mtu.

Kula vizuri. Pumzika. Usibebe vitu vizito.

Mama yako mkubwa


16 Machi 1997

Mama mkubwa,

Shikamoo. Kidole kimepona, sasa analalamika mgongo. Ofisini tumepata kazi ya kupima mtaa mzima upya, kila kona ina ugomvi wa uzio, na mimi ndiye ninayeambiwa nimempendelea jirani.

Nilikwenda hospitali nilikozaliwa. Mzee wa chumba cha mafaili alinipa barakoa kwa sababu ya vumbi, tukatafuta pamoja asubuhi nzima. Tukaipata kadi ya mama. Imeandikwa mimba mbili zilizotoka kabla yangu, uzito wake, vidonge vya damu. Basi, kama ulivyosema. Daktari alipoiona akasema, "Haya, huenda umezaliwa hivyo tu." Nilitakiwa kuridhika.

Lakini nikiwa nyumbani napiga pasi, nikakumbuka kitu. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano hivi nilimkasirisha mama, akaniambia, "Unajua ulivyotutesa kabla hujazaliwa? Ungekuwa umetoka kama wenzako. Mama yako mkubwa ndiye aliyekuzuia." Wakati ule nilidhani ni maneno ya hasira. Sasa najiuliza kila siku. Mlikuwa mbali, yeye huku na wewe huko. Mtu anayekaa mbali humzuiaje mtoto aliye tumboni? Ulinizuia kwa kitu gani?

Naomba unijibu upesi. Nina sababu ya haraka na usiniulize ni ipi.

Mwanao


11 Aprili 1997

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kidogo, goti lilivimba. Nakutumia sweta kwa mkono wa mtoto wa jirani anayekuja huko kwenye mafunzo. Rangi yake imepauka lakini lina joto.

Yale maneno ya mama yako ni maneno tu. Nilimwombea sana wakati ule. Pengine ndicho alichomaanisha.

Fundi anakusalimu.

Mama yako mkubwa


2 Juni 1997

Mwanangu,

Usiseme shikamoo kwenye barua utakayonijibu mpaka umesoma hii yote. Ukimaliza utaamua kama bado unaitaka.

Nimekudanganya mara mbili. Barua ya kwanza nilikudanganya nikiwa na hofu. Ya pili nilikuwa nimeshatulia kabisa, nikakaa mezani na chai yangu, nikaandika uongo kwa mwandiko mzuri. Hiyo ya pili ndiyo inayonikosesha raha.

Mama yako alimeza vile vidonge. Mimi ndiye niliyempa.

Nianze mwanzo, maana hutaelewa. Nilikuwa msimamizi wa Wodi ya Tatu, wodi ya wanawake wanaopoteza mimba. Daktari wetu mkuu tulimwita Miwani. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa akikaa kitandani kwa wagonjwa, jambo ambalo madaktari wengine hawakulifanya. Alitufundisha kwamba mwili wa mjamzito hutengeneza estrojeni kwa wingi, na kwamba mimba nyingi hutoka kwa sababu homoni zimepungua. Ukiongeza, mtoto anakaa. Zamani, alisema, ilikuwa kazi kuipata. Wataalamu waliichuja kutoka kwenye mkojo wa wajawazito, kisha kwenye mkojo wa farasi wenye mimba, mapipa kwa mapipa, wapate chembe. Halafu mwaka wa thelathini na nane Waingereza wakatengeneza maabara kitu kinachofanya kazi ya estrojeni ingawa si estrojeni yenyewe. Rahisi, kidonge tu, na kampuni yoyote iliweza kukitengeneza. Sisi tuliona ni muujiza. Wanawake waliokuwa wakikauka baada ya hedhi kukoma walipata nafuu, wanaume wenye saratani ya tezi dume walipata nafuu, kwa nini mjamzito asipate?

Kwenye daftari la wodi kulikuwa na wanawake kumi na mmoja. Unaanza na kidonge kidogo mapema, kila baada ya wiki mbili unaongeza, mpaka karibu na kujifungua. Niliona watoto wanazaliwa. Wapo ambao wangezaliwa hata bila kidonge, lakini nani angeniambia hivyo wakati nimemshika mtoto?

Mama yako akaniandikia kwamba ana mimba ya tatu na kwamba safari hii ikitoka hatajaribu tena. Hakuwa mgonjwa wetu. Alikuwa huko kwenu, na daktari wa huko hakuamini vidonge hivyo. Nilikwenda kwenye kabati la dawa mchana kweupe, funguo ni zangu, nikahesabu vidonge nikavitia kwenye bahasha. Nikamtumia na maelezo. Nikafanya hivyo kila mwezi. Ndiyo maana kadi yake haina kitu. Yeye ni wa kumi na mbili na hakuandikwa popote.

Ukazaliwa Oktoba. Alikuita zawadi yangu.

Sasa kaa vizuri, maana hilo silo kosa langu kubwa.

Mwaka wa sabini na tatu ulikuja waraka. Ulisema Marekani wamekuta wasichana wenye saratani ya uke, aina ambayo walikuwa hawaioni kwa vijana, na karibu mama zao wote walimeza vidonge hivyo. Ulisema acheni kuwapa wajawazito. Na ukasema kitu ambacho nilikisoma nimesimama, nikakisoma tena nimekaa: kwamba tangu mwaka wa hamsini na tatu utafiti ulikuwa umeshaonyesha havizuii mimba kutoka. Miaka ishirini! Mimi nilimtumia mama yako vidonge mwaka wa sitini na nane, vitu ambavyo watu walishajua havisaidii.

Miwani aliusoma akauweka kwenye droo. "Tusiwatishe watu," akasema. "Ugonjwa wenyewe ni nadra sana." Nikasema, "Ndiyo, daktari." Ndilo neno nililosema. Ulikuwa na miaka minne.

Halafu ukakua, ukaolewa, ukaanza kupoteza. Mimba ya kwanza nilijiambia ni bahati mbaya. Ya pili nikajua. Unakumbuka tulivyokuja mimi na mama yako kukuuguza? Jikoni kwako, huku akikata vitunguu, aliniambia, "Dada, ni mimi. Nimemrithisha kizazi kibaya. Nilibeba sana maji nikiwa naye tumboni." Alikuwa analia na si kwa vitunguu. Nikamwambia, "Usiseme hivyo." Hivyo tu. Sikumwambia ni mimi. Aliishi miaka mitatu mingine akiamini hivyo, akafa akiamini hivyo, na mimi ndiye niliyemfumba macho.

Mwonyeshe daktari wako barua hii. Mwambie akukague kila mwaka. Mwambie pia kwamba wenye maumbile haya mlango wa kizazi huwa dhaifu, na ukishika mimba uwekewe uzi wa kuufunga mapema, karibu wiki ya kumi na mbili au kumi na nne, usisubiri dalili.

Siombi kitu.

Mama yako mkubwa


25 Agosti 1997

Mama mkubwa,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu mkono umezoea.

Barua yako ya Juni ilifika tarehe 14. Mume wangu aliniletea hospitalini. Nilikuwa nimelazwa tangu tarehe 10.

Nilikuwa na mimba, mama mkubwa. Ndiyo ile haraka niliyokuambia usiniulize. Nilipokuandikia mwezi wa tatu nilikuwa na wiki nane. Sikukuambia kwa sababu mara tatu nimewaambia watu na mara tatu nimerudi kuwaambia tena. Nilitaka moja ambayo ingekuwa siri mpaka ionekane yenyewe. Ilifika miezi mitano. Sikuwa na maumivu yoyote, nilikuwa nimesimama mezani nachora mfereji, nikahisi maji. Alikuwa wa kiume. Alipumua kidogo.

Daktari alisoma barua yako pembeni ya kitanda changu, akavua miwani. Nikamuuliza, "Ningeshonwa mwezi wa nne, angebaki?"

"Huenda."

"Huenda tu?"

"Siwezi kukuambia zaidi ya ninachokijua. Wengine wanashonwa na wanapoteza. Wengine wanabeba mpaka mwisho." Kisha akasema kitu ambacho nimekishika. Alisema estrojeni si adui, mwili wangu unaitengeneza hata sasa tukizungumza, na kuna wagonjwa anaowapa kila siku na inawafaa. Kosa lilikuwa kumpa dawa nzito kiumbe ambaye viungo vyake ndiyo kwanza vinajengwa, na kuendelea kumpa baada ya kujua.

Nimehesabu siku, na najua na wewe utazihesabu. Sweta lako lilifika tarehe 24 Aprili. Nilikuwa na wiki kumi na tatu. Kama mfukoni mwake kungekuwa na kikaratasi chenye neno moja tu, ndiyo, ningekuwa hospitalini kesho yake. Nililigeuza lile sweta nikitafuta barua ya kweli. Nilikagua mpaka mikono.

Lakini na mimi nilinyamaza. Ningekuambia nina mimba, ungeandika upesi. Nakujua. Usingeweza kuvumilia. Kwa hiyo siku nyingine nakuchukia, na siku nyingine najichukia mwenyewe, na siku nyingine nachora tu mitaa ya watu.

Kuna kingine. Nikiwa chuoni nilimeza vidonge vya kupanga uzazi miaka miwili. Sikuwahi kumwambia mume wangu. Kila mimba ilipotoka nilijua ni vile vidonge, nimejiharibu mwenyewe, na nikamwacha aniuguze kwa upole wakati moyoni najiita mwizi. Nilimuuliza daktari, akasema havikuhusika hata kidogo. Miaka sita nimebeba mzigo usio wangu. Na mama naye alibeba wake jikoni kwangu. Wote wawili tulikuwa tumebeba wako, na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo unatutazama.

Sitakuandikia maneno mabaya zaidi ya hayo. Nataka kitu kimoja. Wale kumi na mmoja wa kwenye daftari. Walizaa? Walizaa mabinti? Wanajua?

Ukiwa umenyamaza kwangu kwa sababu ya aibu, kwao umenyamaza kwa sababu gani?

Mwanao


12 Oktoba 1997

Mwanangu,

Marahaba. Sikustahili na nimeipokea.

Nilihesabu siku, kama ulivyosema. Sina la kuongeza juu ya mjukuu wangu. Nikianza kuandika habari zake nitakuwa najiandikia mimi nafuu.

Nimewatafuta. Hospitali walinipa daftari baada ya kunizungusha wiki tatu. Karani mpya aliniuliza kama nina kibali, nikamwambia huo mwandiko ni wangu, akalinganisha na barua yangu ya maombi akanipa. Kati ya kumi na mmoja, wawili wamekufa, wawili wamehamia nisikojua, watatu walipoteza mimba hata na vidonge. Wanne walizaa. Mabinti watatu, na wa kiume mmoja, ambaye naye nilimtaka akapimwe kwa sababu daktari wa hapa amesema wavulana nao wakati mwingine hupata kasoro.

Nyumba ya kwanza mama alinikumbatia. "Mkunga wangu!" Akaita majirani waje wanione. Nikamwambia mbele yao, maana nilijua nikisubiri waondoke sitasema. Alinitoa nje kwa adabu sana, akanishikia hata mkoba. Siku ya tatu binti yake alikuja kwangu peke yake akaniomba nimwandikie jina la dawa kwenye karatasi.

Nyumba ya pili walinifukuza. Mume wa yule mama alisema nikirudi ataniitia polisi. Nilirudi. Hakuita polisi. Nilipitisha barua chini ya mlango.

Nyumba ya tatu mama alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchele. Akauliza, "Ulijua lini?"

Wewe hukuniuliza hilo kwa sababu nilikuandikia. Yeye alinitazama usoni. Nikasema, "Mwaka wa sabini na tatu."

"Mwanangu alikuwa na miaka sita."

"Ndiyo."

Akaendelea kuchambua. Mchele ukaisha, akaanza kuuchambua upya. Kisha akasema, "Anatoka kazini saa kumi. Utakaa hapo umwambie mwenyewe. Mimi sitakusaidia hata neno." Nikakaa. Ni konda wa basi, huyo binti, ana miaka thelathini na sauti iliyozoea kelele. Nilimwambia. Akaniambia kwamba kuna damu imekuwa ikimtoka miezi minne na amekuwa akiona haya kwenda.

Nilikwenda naye kesho yake. Nilikaa kwenye benchi. Wamemkuta na uvimbe, mdogo bado, ni ule ule ugonjwa wa waraka. Hapa hawana daktari wa kuukata. Wamesema aje huko kwenu, kwenye hospitali kubwa, na daktari wako mwanamke, niliyempigia simu huko, amekubali kumwona. Mama yake haruhusiwi kusafiri kwa sababu ya moyo. Binti amesema nimsindikize mimi. Nilimuuliza, una hakika? Akasema, "Nataka mtu ambaye hatanidanganya tena. Wewe umeshamaliza uongo wako."

Tutafika tarehe 10 Novemba. Nimeulizia nyumba ya wageni karibu na hospitali, wanasema ni safi. Sitakusumbua.

Mama yako mkubwa


29 Oktoba 1997

Mama mkubwa,

Shikamoo. Mgongo wa mume wangu umepona, sasa ni jino. Ule ugomvi wa uzio umefika mahakamani na mimi ni shahidi, nitasimama na ramani yangu waseme wanavyotaka.

Nimekaguliwa. Hamna saratani. Daktari atanikagua kila mwaka, na amesema tukitaka kujaribu tena atanishona mwenyewe mapema. Hatujaamua. Nimemwambia mume wangu habari za vidonge vya chuoni. Akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unaumwa peke yako?" Halafu akaenda kutengeneza jokofu la jirani ambalo halikuwa limeharibika.

Sijui kama nimekusamehe. Usiniulize ukifika, na usiniangalie kwa yale macho ya kuniuliza. Nikijua nitakuambia. Inawezekana isiwe mwaka huu.

Lakini nyumba ya wageni hapana. Mgonjwa akitoka kwenye kisu hawezi kulala mahali pa watu wa kupita, na wewe ndiye unayejua kufunga kidonda. Mwezi wa tano mume wangu alipaka chumba cha nyuma rangi ya njano, kabla sijamzuia. Mlango wake tuliufunga tangu Juni. Jana nimeufungua, nimefagia, nimeingiza vitanda viwili.

Mtalala humo.

Mwanao